Asome Kwanza, Jamii Itamsubiri?

Hoja iliyo mezani ni hii: kijana Mweusi wa Marekani asome kwanza, na mambo ya kuhudumia jamii yangoje mpaka awe na shahada mkononi. Mjadala nimeupeleka Baltimore, kwa sababu Maryland ndilo jimbo la kwanza la Marekani kuweka sharti kwamba mwanafunzi wa shule ya umma ahudumie jamii ndipo ahitimu sekondari. Uamuzi ulipita mwaka 1992, darasa la kwanza kubanwa nao ni la 1997, na kima chake ni saa 75. Huko suala hili si la kinadharia. Liko kwenye fomu, na fomu isipojazwa cheti hakitoki.

Wazungumzaji nimewatunga mwenyewe, lakini hawasemi kitu ambacho hujakisikia kama umewahi kukaa na Waswahili wa Marekani harusini, msibani au kwenye nyama choma ya kiangazi. Mzee ni Mchaga, dereva wa basi mstaafu. Mwalimu ni Mpare, anafundisha hesabu sekondari. Na kwa kuwa Wachaga na Wapare ni watani, msishtuke wakirushiana maneno. Mama ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi wa zamu za usiku, ana wavulana wawili na binti mmoja. Kijana ana miaka 17, kazaliwa hukohuko Maryland, Kiswahili kajifunzia jikoni kwa mama yake. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mimi, na mwenyekiti wa mjadala huu hana haya ya kuegemea upande.

MZEE: Ndugu Mwenyekiti, mtoto wa tajiri akijitolea, anajitolea ameshiba. Jumamosi anapanda miti, Jumapili anapiga picha na miti yake, Jumatatu chuo kikuu kinamwita. Wetu anaambiwa ahudumie jamii wakati jamii yenyewe bado haijamhudumia. Mimi nasema aingie maktaba. Mtazameni Thurgood Marshall, mzaliwa wa Baltimore hapa, 1908. Chuo Kikuu cha Maryland hakikuwa kinapokea Weusi katika sheria, akawa anapanda treni kwenda Howard, Washington, na kurudi. Mwaka 1933 kamaliza, wa kwanza darasani. Mwaka 1936 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba kijana Mweusi, Donald Gaines Murray, apokewe katika chuo kilekile, na Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Sasa niambieni, angekuwa anashinda anazoa makopo barabarani, kesi ile ingeshindwa na nani?

KIJANA: Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Nipinge tu, usiogope.

KIJANA: Marshall hakusoma peke yake. Huko Howard alifundishwa na Charles Hamilton Houston, na Houston hakuwaficha wanafunzi wake: mwanasheria ama anaijenga jamii yake ama anainyonya. Kesi ile ya Murray waliisimamia pamoja, mwalimu na mwanafunzi wake. Kwa hiyo huduma haikungoja shahada. Ilikuwa ndani ya masomo yenyewe.

MZEE: Safi. Basi na ninyi mpewe masomo ya namna hiyo. Si haya ya kupanga makopo.

KIJANA: Hapo sikupingi. Saa zangu nyingi nimezipata kwa kupanga vyakula vya kopo kwenye rafu na kugawa maji kwenye mbio za hisani. Mtu mzima anasaini fomu akiwa anaongea na simu. Hakuniuliza jina. Na kuna jambo lingine ambalo wazazi wetu hawalioni kwa sababu hawakukulia hapa. Huduma kwa jamii mimi sikuijulia shuleni. Niliijulia kwa jirani yetu, aliyepelekwa mahakamani akaamriwa kufagia bustani ya mji. Fulana ya rangi ya machungwa, fagio, na mtu wa kumhesabia saa. Halafu mwaka unaofuata mwalimu anasimama mbele ya darasa, anatuambia sote tuna saa 75 za kutimiza, na anashangaa kwa nini wavulana wa nyuma wanacheka.

Hapa mwenyekiti anaomba kuongeza, maana Kijana kagusa mfupa. Adhabu ya kazi za jamii ilianzia California, wilaya ya Alameda, mwaka 1966, kwa ajili ya wakosaji wa barabarani wasio na fedha za faini. Ikasambaa nchi nzima. Na Katiba ya Marekani, katika badiliko la 13 la mwaka 1865, ilipiga marufuku utumwa na kazi za kulazimishwa isipokuwa kwa aliyetiwa hatiani kwa jinai. Mwanya ule wa “isipokuwa” majimbo ya Kusini yaliupitishia maelfu ya Weusi walioachwa huru, wakakamatwa kwa uzururaji na kukodishwa mashambani na migodini. Shule zilipoanza kudai saa za huduma, wazazi wa Bethlehem, Pennsylvania, walifungua kesi wakisema saa 60 za wilaya yao ni utumwa uliokatazwa na badiliko hilohilo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawakatalia mwaka 1993. Kisheria sina ugomvi na hukumu ile. Lakini mvulana anayecheka nyuma ya darasa anaijua historia hii kwa damu, hata kama hajui tarehe zake.

MAMA: Mwenyekiti, nimeinua mkono muda mrefu. Kwanza, mbona ni wavulana tu? Februari 2014 Rais Obama alizindua My Brother’s Keeper kwa ajili ya wavulana wa rangi, na haikupita miezi mingi wanawake zaidi ya elfu moja wakatia saini barua wakiuliza mabinti wako wapi. Nami nauliza. Binti yangu anasoma kwenye meza moja na kaka zake, na yeye ndiye anayewafundisha.

MWALIMU: Mama, swali ni la haki.

MAMA: Ngoja nimalize, maana najua na upande wa pili. Takwimu za serikali za mwaka wa masomo 2017 na 2018 zilionyesha wavulana Weusi ni kama asilimia 8 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini robo ya wote waliosimamishwa masomo. Binti yangu akichelewa anaulizwa kama anaumwa. Kaka yake akichelewa anaandikiwa barua. Kwa hiyo wavulana wazungumziwe, sawa, ila isiwe kana kwamba wao ndio ugonjwa na sisi ni madaktari. Mimi ni muuguzi, naijua sauti ya mtu anayemwongelea mgonjwa mbele ya mgonjwa.

MZEE: Mama, tusiwafunike. Wenyeji hapa wana desturi mbaya. Mtoto akishika kitabu wenzake wanamcheka, wanasema anajifanya Mzungu. Ndiyo maana mimi wangu niliwaambia: ninyi si kama hao.

MWALIMU: Mzee wangu, hilo tuliache leo na lisirudi. Maneno hayo ya kujifanya Mzungu yalivuma baada ya makala ya mwaka 1986 ya Signithia Fordham na John Ogbu, Mnigeria mwenzetu wa bara, kutokana na utafiti katika shule moja ya Washington. Watafiti waliokuja baadaye waliyapinga sana. Na kwa historia, hakuna watu walioitamani shule kama hao unaowaita wenyeji. Utumwani, majimbo kadhaa ya Kusini yalifanya kumfundisha mtumwa kusoma kuwa kosa la jinai. Vita vilipokwisha 1865, watu wasio na ardhi wala ng’ombe walichanga senti wakajenga shule. Morehouse, chuo cha wanaume cha Atlanta, kilianza 1867 katika chumba cha chini cha kanisa huko Augusta. Martin Luther King aliingia chuo hicho ana miaka 15.

KIJANA: Na polisi akinisimamisha usiku, Mzee, haniulizi kama babu yangu ni wa Nakuru au wa Mississippi.

MZEE: (kimya kidogo) Hilo kweli.

MWALIMU: Sasa mniruhusu nilete kisa kimoja, maana hoja hii inajadiliwa hewani. Kulikuwa na Mmarekani Mweusi aliyeitwa Bob Moses, mzaliwa wa Harlem, 1935. Alikuwa mwalimu wa hesabu New York. Mwaka 1961 alikwenda Mississippi kuwasaidia Weusi kujiandikisha kupiga kura, watu ambao wengi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno na wenye shamba. Alipigwa, alifungwa, akarudi tena. Kiangazi cha 1964 alikuwa mmoja wa waliowaleta mamia ya wanafunzi wa vyuo kufanya kazi ile na kufundisha katika shule za uhuru. Baadaye Marekani ikamchosha, na Vita vya Vietnam vikawa vinamtafuta. Akapitia Kanada, na 1969 akafika Tanzania na mkewe. Mnajua walikaa wapi?

MZEE: Usiniambie Upareni.

MWALIMU: Same! Alifundisha hesabu sekondari pale Same mpaka 1976. Kwa hiyo Wachaga mnaposema sisi Wapare hatuna mchango duniani…

MZEE: Alikwenda Same kwa sababu Moshi nyumba za kupanga zilikuwa zimejaa.

MWENYEKITI: Turudi kwenye hoja, wazee.

MWALIMU: Alirudi Marekani, akatulia Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1982 binti yake mkubwa, Maisha, alifika darasa la 8 na shule yake haikuwa ikifundisha aljebra. Bila aljebra darasa la 8, sekondari unaanza nyuma, na safari ya hesabu za chuo kikuu imeshafungwa kabla hujajua ilikuwapo. Mwalimu wa darasa akamkaribisha baba aje afundishe mwenyewe. Mwaka huohuo alipata tuzo ya MacArthur, na fedha zile zikamwezesha kuanzisha Algebra Project. Kwake aljebra katika zama za kompyuta ilikuwa kama ile kura ya Mississippi: asiyekuwa nayo hana sauti.

MAMA: Mwalimu, watu wengi wamesema elimu ni haki. Yeye alifanya nini darasani?

MWALIMU: Aliwapandisha watoto treni. Aliona kwamba wanaokwama kwenye namba hasi wanalijua swali moja tu, ni ngapi. Hawajalijua la pili, ni upande gani. Basi wanakwenda kwenye treni ya mji, njia inayoitwa Red Line. Wanarudi darasani, wanaichora safari, wanaisimulia kwa maneno ya nyumbani, halafu kwa maneno yaliyonyooshwa, na mwisho kabisa kwa alama. Tuseme kituo cha Central ndicho sifuri, na kwenda Boston ni upande wa chanya. Kendall ni 1, Charles ni 2, Park Street ni 3. Upande wa pili, Harvard ni hasi 1. Umetoka Park Street umeshuka Harvard. Umepita vituo vingapi?

KIJANA: Vinne.

MWALIMU: Kuelekea wapi?

KIJANA: Kurudi nyuma. Hasi 4.

MWALIMU: Hasi 1 kutoa 3, jibu hasi 4. Umefanya hesabu inayowatoa watu wazima jasho, na hukukariri kanuni. Kutoa hapo si kupunguza maembe kwenye kapu. Ni kulinganisha ulipofika na ulipoanzia. Sasa sikilizeni sehemu inayohusu hoja yetu. Mwaka 1996 vijana waliopitia mafunzo haya, pamoja na watoto wa Moses mwenyewe, walianzisha Young People’s Project huko Jackson, Mississippi. Wanafunzi wa sekondari wanawafundisha hesabu wadogo zao. Na wanalipwa.

MZEE: Wanalipwa?

MWALIMU: Nilijua Mchaga ataamka hapo.

MZEE: Sicheki, naulizia. Ikiwa analipwa, basi si huduma, ni kibarua.

KIJANA: Mzee, ndivyo isemavyo na fomu yangu! Kazi ya malipo haihesabiwi. Nikigawa maji bure, napewa saa. Nikimfundisha mtoto hesabu za sehemu, nikalipwa, sipewi hata dakika.

MAMA: Lakini mvulana wa mtaa wetu baada ya shule ana mawili: ajira kwenye duka la vyakula vya haraka, au kona. Ukimwambia ajitolee bure unamwambia amnyime mama yake kodi ya nyumba. Anayelipwa kufundisha hesabu anasoma mara mbili: jioni akijiandaa, na kesho yake akifundisha. Kazi gani nyingine ya kijana inamrudisha kwenye daftari lake mwenyewe?

MWALIMU: Na hapa Baltimore ipo. Baltimore Algebra Project ni ya wanafunzi wenyewe kwa kiasi kikubwa. Wanafundishana kwa malipo na wanaendesha mambo yao. Ikafika mahali wakaona tatizo si mlinganyo tu. Mwaka 2004 jaji alisema jimbo lilikuwa limezinyima shule za Baltimore mamia ya mamilioni ya dola. Vijana wale wakaingia barabarani kuzidai. Baadaye wakawa miongoni mwa waliopinga mpango wa jimbo wa kujenga gereza kubwa jipya la vijana mjini hapa, na mpango ule mkubwa ukawekwa kando mwaka 2013.

MZEE: Ndiyo hapo ninapoogopa. Nimpeleke mwanangu akafundishe hesabu, nimkute kwenye maandamano mbele ya polisi? Mimi nilikuja nchi hii kimyakimya, nataka niondoke kimyakimya.

KIJANA: Ninyi mlikuja, Mzee. Mimi nimezaliwa hapa. Siondoki.

MAMA: Mzee, Freeman Hrabowski alikuwa na miaka 12 alipoandamana Birmingham, Alabama, Mei 1963. Kafungwa siku tano. Mwenyewe husimulia kwamba alikuwa ameketi nyuma kanisani anatatua maswali ya hesabu, akamsikia Dokta King akihubiri, akawasihi wazazi wamruhusu. Mtoto yule ndiye aliyekuja kukiongoza chuo kikuu cha UMBC, hapa nje tu ya Baltimore, kwa miaka 30. Yeye na mfadhili Robert Meyerhoff ndio walioanzisha mwaka 1988 mpango wa kuwasomesha vijana Weusi sayansi. Kundi la kwanza, 1989, lilikuwa na wavulana 19, wote Weusi. Mwaka uliofuata wakapokewa na mabinti pia, Mungu awabariki. Wanasoma kwa vikundi, anayefaulu anamvuta mwenzake, na kuwasaidia watoto wa Baltimore ni sehemu ya mpango.

MZEE: Haya, hao ni wateule. Wengine je?

MWALIMU: Kwa wengine nitakupa matokeo mawili. Watafiti wakiwemo Seth Gershenson na Nicholas Papageorge waligundua kwamba mvulana Mweusi maskini aliyefundishwa na walau mwalimu mmoja Mweusi kati ya darasa la 3 na la 5, uwezekano wa kuacha sekondari ulipungua kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja tu. Na wanaume Weusi hawafikii asilimia 2 ya walimu wa nchi hii. La pili ni la Raj Chetty na wenzake, 2018, waliofuatilia Wamarekani kama milioni 20. Waliona mvulana Mweusi na Mzungu waliolelewa katika familia zenye kipato sawa hawafiki mahali pamoja ukubwani; Mweusi anabaki nyuma, hata akiwa mtoto wa tajiri. Ndiyo sababu nasema, Mzee, shahada peke yake si ngao. Lakini waliona pia kwamba pale mtaani penye akina baba Weusi wengi majumbani, wavulana hufanya vizuri zaidi, hata yule ambaye kwao baba hayupo.

MZEE: Rudia hapo pa mwisho.

MWALIMU: Hata yule ambaye kwao baba hayupo.

MZEE: Basi ndiyo ile ya kwetu, mtoto wa jirani unamrudi kama wako. Hapa nilikatazwa. Niliambiwa kila mtu na mlango wake. Lakini elewa, Mwalimu, kumbe mnazungumzia huduma ya mtu mzima. Hoja inamzungumzia kijana.

MWALIMU: Kijana wa miaka 17 ndiye mtu mzima wa mtoto wa miaka 9. Mtoto yule mimi hanitazami, mimi ni mzee wa miwani. Anamtazama huyu.

KIJANA: Wananiiga hata ninavyofunga viatu. Inachosha.

MWENYEKITI: Muda umekwisha, na natoa uamuzi.

Hoja imeanguka. Mzee alikuwa na haki kukataa huduma ya makopo na fomu, na ni kweli kwamba kijana aliyenyimwa aljebra hana deni la kumlipa yeyote kwa kufagia. Lakini mfano wake mwenyewe, Marshall, ulimgeuka mkononi, na Moses aliyefundisha Same hakuwahi kutenganisha kura na ubao. Kinachomsomesha kijana Mweusi wa Baltimore ni kukabidhiwa mtoto mdogo, somo analolijua, na ujira. Sharti la saa 75 nalo sikulipitisha salama. Likiendelea kuhesabu chupa za maji na kuikataa kazi ya kijana anayelipwa kufundisha, litazidi kufanana na lile la mahakamani.

Kwa hiyo wewe mzazi uliyeko Baltimore, Louisville, Dallas au popote mnapopelekana kanisani na msikitini kwa Kiswahili, kwenye kikao kijacho cha shule acha kuuliza mwanao ana saa ngapi. Uliza kama darasa la 8 linafundishwa aljebra, na nani analifundisha. Halafu uliza kama mwanao aliyeifaulu mwaka jana anaweza kuajiriwa kuwasaidia walioko darasani humo. Wakikwambia malipo yatamkosesha saa za kwenye fomu, chukua malipo, na uombe jina la ofisa wa wilaya anayeweza kuibadilisha hiyo fomu.